Kutafuta nyimbo za "ru" kwenye karaoke: uzoefu wangu wa shiritori Nagoya

Kama unajifunza Kijapani na hujawahi kushika kishikwambi cha karaoke, siku ukikipata jaribu hivi: gusa sehemu ya jina la wimbo, andika silabi moja tu, kisha tafuta. Mimi niliandika ru. Ikaja orodha ya nyimbo za mashine ile ambazo majina yake yanaanza na ru, zimepangwa kwa mfuatano wa hiragana, herufi za silabi za Kijapani. Nina mwaka mzima na kitabu cha sarufi, na sikumbuki ukurasa ulionifundisha mengi kama orodha ile.

Tulikuwa watatu: mimi, Oyasan (ndivyo tunavyomwita mama mwenye nyumba ninayopanga hapa Nagoya, mwanamke aliyepita miaka sabini) na mjukuu wake anayesoma chuo. Safari ilikuwa ya Oyasan. Mchana wa siku ya kazi bei huwa chini, na kila mmoja alilipa yeni elfu moja na ushee kwa saa tatu, kinywaji ndani yake. Chumba kidogo, kochi, runinga, vipaza sauti viwili na hicho kishikwambi. Kwa pesa hiyo sidai zaidi.

Nilidhani tumekwenda kuimba. Kumbe Oyasan alitaka shiritori ya nyimbo. Shiritori maana yake ni kama kushika mkia: mmoja anataja neno, anayefuata anaanza neno lake na silabi iliyomaliza neno la mwenzake. Ukitaja neno linaloishia na n, umekufa, kwa sababu hakuna neno la kawaida la Kijapani linaloanza na n iliyosimama peke yake. Sisi tulicheza kwa majina ya nyimbo, na kila aliyetaja wimbo alipaswa kuimba ubeti mmoja. Huanzwa na neno shiritori lenyewe, kwa hiyo Oyasan alifungua kwa ri: "Ringo no Uta", wimbo wa tufaha uliowaliwaza watu baada ya vita. Alizaliwa baada ya wimbo huo kutoka, lakini aliuimba kama aliyenyonyeshwa nao.

Kwa Mswahili mchezo huu una raha yake. Silabi zao ni zilezile tulizoimba darasa la kwanza, ka ke ki ko ku, na karibu kila moja inaishia na irabu. Mdomo hausumbuki. Kinachosumbua ni ru.

Mjukuu alinieleza sababu, nami nikaona jinsi lugha yao ilivyojengwa. Maneno ya asili ya Kijapani hayaanzi na r. Yanayoanza hivyo mengi yametoka Uchina au nchi za Magharibi. Lakini vitenzi vyao chungu nzima huishia na ru: taberu, miru, kakeru. Basi majina yanayoishia na ru ni mengi, yanayoanza na ru ni machache, na mchezaji mwenye roho ngumu atakurushia ru mpaka uishiwe. Wenyewe wana jina la mbinu hiyo, ruzeme, mashambulizi ya ru. Nyimbo mbili kubwa za kundi la YOASOBI zinafaa kabisa kwa kazi hiyo: "Yoru ni Kakeru" ya 2019 na "Aidoru" ya 2023. Zote mbili mkia wake ni ru.

Mjukuu akanirushia ya kwanza. Aliimba vizuri, akaweka kipaza sauti mezani, akanitazama.

Ndipo nikakimbilia kishikwambi. Karibu na mwanzo wa orodha nikaona jina ninalolijua: "Ruuju no Dengon", wimbo wa Arai Yumi wa mwaka 1975. Wengi wetu tumeusikia mwanzoni mwa ile katuni ya mwaka 1989 ya binti mchawi anayesambaza vifurushi kwa ufagio. Chini yake kidogo kulikuwa na "Rubii no Yubiwa". Majina yote mawili yameandikwa kwa namna moja: mwanzo katakana, herufi za silabi za maneno ya kigeni, ambayo naisoma bila shida, na mwisho kanji, yaani herufi zenye asili ya Uchina, mbili mbili ambazo siku ile sikuzijua. Nikagusa la kwanza, nikaimba ubeti wangu kwa moyo wote.

Nilipomaliza kulikuwa kimya. Oyasan akaniambia taratibu, "De-n-go-n." Ujumbe. Nimekufa.

Laiti ningegusa "Rubii no Yubiwa"! Huo ni wimbo wa Terao Akira uliopata Tuzo ya Rekodi ya Japani mwaka 1981, na mkia wake ni wa, silabi nyepesi. "Ruriiro no Chikyuu" wa Matsuda Seiko ungeniokoa pia, maana unaishia na u, na hata ule muziki wa "Rupan Sansei no Teema" unaishia na ma. Naziandika hapa ili mwenzangu asikwame nilipokwama mimi. Ongeza na nyimbo maarufu zinazoua: "Lemon" wa Yonezu Kenshi, "Robinson" wa Spitz, "Love Machine" wa Morning Musume. Ukizipenda, ziimbe siku nyingine.

Oyasan hakutaka mchezo uishe. Akasema, "Ngoja, wewe si wa Tanzania?" Kisha akatamka neno ambalo sikutarajia kulisikia kwenye chumba cha karaoke Nagoya: Ngorongoro. Wachezaji wa shiritori wanalijua jina hilo. Wajapani huliandika likianza na ileile n iliyosimama peke yake, kwa hiyo pamoja na N'Djamena, mji mkuu wa Chad, ni katika majina machache yanayoweza kupokea mkia wa n. Kwetu anayeshindwa kitendawili hutoa mji. Kule nilikopewa mji ndiko nilikookolewa. Nilikaa na Ngorongoro yangu mkononi huku macho yakinilenga machozi, na sioni haya kusema hivyo.

Mchezo ukaendelea na ro. Mjukuu akamnong'oneza bibi yake "Robinson", bibi akakataa katakata kwa ajili ya ile n, akaimba "Roman Hikou" wa Kome Kome Club. Mkia u. Mjukuu akajibu kwa "Ue o Muite Arukou", ule wimbo wa Sakamoto Kyuu uliofika nambari moja Marekani mwaka 1963 kwa jina la "Sukiyaki". Unaanza na u, unaishia na u, kwa hiyo ulinirudishia mpira uleule. Hapo nikapinga: sikio langu linasikia aruko ndefu, mkia wake uwe o. Wao wakasema kinachohesabiwa ni maandishi, na kwa hiragana herufi ya mwisho ni u. Ubishi huu utawakuta na nyinyi. Kubalianeni kabla ya kuanza, na msisahau ule mstari wa kurefusha irabu mwishoni mwa maneno kama "Puritendaa": wengine wanachukua da, wengine a.

Sasa upungufu wa kishikwambi chenyewe. Kinatafuta kwa mwanzo tu. Huwezi kukiambia nipe nyimbo zinazoishia na wa, na katika mchezo huu mkia ndio roho. Majina yanatokea kwa kanji bila usomaji kando, kwa hiyo mgeni anaona mlango lakini haoni nyumba inaishia wapi. Kwa ru orodha ni fupi na inavumilika, ila kwa a au ko utapekua kurasa hadi kidole kichoke, kwani zilizopendwa zimechanganywa na zile ambazo hata Oyasan hakuwahi kuzisikia. Tulichofanya baadaye ni kuweka simu kando yenye kamusi, na kila jina tulisoma hadi silabi ya mwisho kabla ya kugusa. Tangu siku ile 伝言, yaani dengon, naijua popote nitakapoikuta.

Menyu ya lugha ya kigeni ipo, lakini usiitumie kwa mchezo huu. Baki na hiragana hata kama unasoma polepole. Na mpeleke mtu mzima, kwa sababu vijana wanajua nyimbo za juzi, ila ru nyingi nzuri ziko kwa watu wa umri wa Oyasan.

Zamu yangu ilikuwa u. Sikugusa kioo. Mimi ni mtu wa Tanga, na katika darasa la lugha tulifundishwa wimbo mfupi wa watoto unaoitwa "Umi", bahari. Nikautaja, Oyasan akashika kipaza sauti cha pili, na tulikuwa bado tunaimba simu ya ukutani ilipolia kutuambia zimebaki dakika 10.