Vitabu vya mitumba Malindi: bei poa ila kagua kurasa kabla hujalipa

Kuna ami mmoja hapa Malindi mjini anauza vitabu vya mitumba barazani, vingi ni vya Kitaliano vile wanavyoacha watalii wakirudi kwao, so ukitaka cha Kiingereza lazima uchimbue boksi mpaka chini, vumbi puani. Mi nlichimbua nikatoka na maisha ya mwanasiasa wa Australia anaitwa Don Dunstan. Alitaka 150, tukashuka mpaka mia.

Nikajua ntasinzia, wapi. Jamaa kazaliwa Suva kule Fiji 1926, akaingia bunge la jimbo la South Australia 1953, akawa waziri mkuu wa jimbo mara mbili, 1967 hadi 68 halafu 1970 hadi 79. 1972 katinga bungeni na kaptula ya pinki, na huku MCA wetu (mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti) jua la Februari kajinyonga na tai anatiririka jasho. 1976 akatoa kitabu cha mapishi na bado yuko ofisini! Ila nliyorudia mara mbili ni ile ya chupa: sheria ya 1975, ikaanza kazi 1977, ukirudisha kopo ama chupa tupu unapewa senti 5, mpaka 2008 ndo zikawa 10. Kwani si ndo dipoziti ya soda tuliyokuwa tunaacha dukani utotoni? Ilipokuja plastiki tukaachana nayo, sasa kaone ufuoni palivyo.

Sasa shida. Nafika 1978, kamfuta kazi mkuu wa polisi, uhondo umenoga, kurasa hakuna! Zimenyofolewa, nikifungua naona jamaa huyohuyo Dunstan yuko hospitali Februari 1979 na nguo za kulalia anatangaza kujiuzulu. Ikabidi nichome bando: kumbe polisi walikuwa na mafaili ya siri ya wanasiasa na raia, na mkubwa wao akaipotosha serikali kuhusu hayo mafaili.

Asubuhi nikamrudia ami, akacheka, "mwanangu, kwa mia ulitaka na katikati yake?" Lakini akanipa hamsini yangu na kikombe cha kahawa chungu juu, kwa hilo sina neno. Kitabu nimebaki nacho, maana mwisho upo: 1994 mzee kafungua mkahawa wake Norwood, kulekule alikokuwa mbunge, akafariki 1999.

Nampa nyota 4. Ijumaa hafungui mpaka watu watoke msikitini, na beba hela ndogondogo, chenji hana.