Seti ya mabomba matatu ya kushushia maji ya tangi la samaki: kimya kabisa, ila bomba la dharura limepunjwa

Nyota nne kati ya tano, baada ya miezi saba ya matumizi. Tangi ni la sentimita 120 kwa 50 kwa 50, lita 300, lina mbuna (samaki wadogo wa miambani) wa Ziwa Nyasa, na sampu, yaani tangi la pili ambako maji hushukia kabla ya pampu kuyarudisha juu, iko kabatini chini yake. Seti inakuja na kisanduku chembamba cha ndani chenye meno, urefu sentimita 40, kisanduku cha nje kinachokaa mgongoni mwa tangi, na matundu matatu ya mabomba: mawili ya inchi moja, la tatu robo tatu.

Boksi limeandikwa lita 5,600 kwa saa. Usinunue pampu kwa namba hiyo. Ni hesabu ya mabomba zaidi ya moja yakiwa yamejaa pomoni kwa pamoja, hali ambayo ukiiona ujue kuna kitu kimeharibika. Bomba la inchi moja lililojaa maji matupu, lenye mteremko wa sentimita 60 na elbo mbili, linashusha kama lita 3,300 kwa saa. La robo tatu, kama 2,000. Bomba lilelile la inchi moja likichanganya maji na hewa, kwa mtindo uitwao Durso (bomba lenye tundu la hewa kwa juu), ukishavuka lita 1,300 hivi linaanza kugugumia, na sebule nzima inalisikia.

Ukimya wa seti hii unatokana na kuondoa hewa. Bomba la kwanza linavuta maji matupu na lina geti valvu, ile koki ya kuzungusha inayofunga kidogo kidogo. La pili liko wazi kwa juu, linapitisha uzi mwembamba tu wa maji unaoteleza ukutani mwa bomba. La tatu ni la dharura, linakaa kavu. Kurekebisha: fungua valvu yote, washa pampu, subiri mapovu yaishe kwenye sampu, kisha funga robo mzunguko kwa robo mzunguko, ukisubiri dakika kadhaa kila mara, hadi maji ya kisanduku yapande na kuanza kuchungulia bomba la pili. Hapo unasikia feni ya taa tu. Koki ya mpini haifai kazi hii. Ukiigusa kidogo imepitiliza.

Mdomo wa bomba la kwanza uzame kwenye sampu sentimita 2 hadi 2.5, si zaidi. Ukiuzamisha sana, umeme ukirudi hewa iliyobaki ndani inashindwa kusukuma maji na kutoka, bomba halianzi kuvuta, na kisanduku kinajaa. Mdomo wa mpira mdogo unaoingiza hewa kwenye bomba la pili nao uwekwe chini kidogo ya mdomo wa bomba la dharura: maji yakiufunika, bomba la pili linaacha kunyonya hewa na kugeuka kuwa la kuvuta, linaokoa jahazi.

Sasa ile nyota moja. Bomba la dharura linatakiwa libebe maji yote ya pampu peke yake, bila valvu wala wavu, kwa sababu siku konokono au jani litakapoziba mengine ndilo litakalobaki. Pampu yangu, kwa ndoo ya lita 20 iliyoshikwa kwenye kimo cha mdomo wa kurudishia maji, iliijaza kwa sekunde 30, yaani lita 2,400 kwa saa. Robo tatu haiwezi. Nilifunga geti valvu, nikaziba bomba la pili kwa kitambaa, mkono ukiwa kwenye swichi: chini ya dakika moja maji yalikuwa yamefika ukingo wa kisanduku. Njia ni mbili. Punguza pampu hadi ndoo ijae kwa sekunde 45, lita 1,600, ambayo bado ni zaidi ya mara tano ya tangi kwa saa. Au fanya nilivyofanya: panua tundu la akriliki kwa msumeno wa matundu na ufunge tenki konekta (kiungo cha kupitisha bomba ukutani mwa kisanduku) ya inchi moja. Pete yake ya mpira ikae upande wa maji, kaza kwa mkono na robo mzunguko tu, bila silikoni.

Angalia pia kipimo cha bomba. Seti ni ya Kimarekani: inchi moja yao ina kipenyo cha nje cha milimita 33.4. Bomba la milimita 32 la dukani linaingia kwa urahisi wa kutia shaka, na gamu haitajaza pengo hilo.

Meno ya kisanduku yanakula karibu nusu ya upana. Kwa lita 2,400, maji yanasimama kama milimita 15 juu ya ukingo. Bila meno yangekuwa 9. Umeme ukikatika, maji hushuka hadi mdomo wa bomba la kurudishia uvute hewa. Mdomo ukiwa sentimita 3 chini ya uso, ni lita 18, bila kuhesabu za visanduku na mabomba. Ukiwa sentimita 10, ni lita 60, na sampu yako itazimwaga sakafuni. Mimi naacha nafasi ya lita 30 na siamini valvu ya kuzuia maji kurudi. Chembe moja ya mchanga inatosha kuiacha wazi.

Bomba la dharura limalizie juu ya maji ya sampu. Likianza kumwaga litapiga kelele, na kelele hiyo ndiyo kengele yako. Vifaranga vya mbuna vitapenya kwenye meno. Weka wavu mbele ya meno na uusugue kila wiki, kamwe usiweke kwenye bomba.