Atenololi au losartani kwa mwenye presha anayehofia kisukari

Vidonge hivi viwili vyote hushusha presha; kwenye sukari ndipo vinapoachana. Utafiti wa LIFE wa mwaka 2002, uliofuatilia wenye presha na misuli ya moyo iliyonenepa, ulionesha waliopata kisukari kwa losartani walikuwa pungufu kwa asilimia 25 kuliko wa atenololi.

Atenololi ina hila nyingine, na kwetu Unguja na Pemba Ramadhani ndiyo huifichua: mfungaji anayetumia dawa za sukari, sukari ikimshuka kabla ya magharibi, moyo huenda usimwende mbio kumtahadharisha. Jasho hubaki kuwa dalili. Mimi ningemuulizia daktari losartani kwanza. Ila mjamzito asiiguse, na mwenye figo dhaifu apimwe potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu. Atenololi nayo haikatwi ghafla.