Uzoefu wangu wa kupanga chumba Kimara kupitia dalali

Nilihamia Dar es Salaam kutoka Morogoro baada ya kuhitimu Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, nikiwa nimepata kazi katika ofisi iliyopo Posta na sina ndugu wa karibu wa kunipokea mjini kwa muda mrefu. Ninaandika kuhusu huduma ya dalali aliyenitafutia chumba, kwa kuwa ujira wake wa kodi ya mwezi mmoja ni fedha nyingi kwa mtu ambaye bado hajapokea mshahara wake wa kwanza, na anayeulipa ana haki ya kujua ananunua nini.

Nilichagua Kimara kwa sababu ya mabasi ya mwendokasi, ambayo tangu 2016 yanatoka huko hadi Kivukoni. Dalali mwenyewe ndiye aliyenieleza, kabla sijamuuliza, kwamba mvua kubwa zikinyesha njia ya Jangwani hufungwa na safari huwa ndefu. Chumba cha kwanza alichonionyesha kilikuwa kizuri na bei yake ilikuwa nafuu, lakini kilikuwa bondeni, mbali na kituo. Akaniambia: "Dada yangu, hapa utalipa kodi mara mbili, ya mwenye nyumba na ya bajaji." Angeweza kunyamaza akachukua fedha yake. Ni mkazi wa mtaa huo, na kwa maoni yangu hapo ndipo thamani yote ya huduma yake ilipo, kwani anajua ni nyumba ipi maji hupanda ukutani wakati wa masika. Katika nyumba mojawapo alinionyesha rangi mpya iliyopakwa upande wa chini tu wa ukuta, akabonyeza kwa kidole, na plasta ikamong'onyoka.

Chumba nilichokipata ni masta, chenye choo na bafu ndani, kwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Kabla ya kukubali nilifungua bomba na kunawa kwa sabuni, kwa sababu nyumba nyingi hutumia maji ya kisima yenye chumvi ambayo hayatoi povu, na humfanya mpangaji anunue maji ya kupikia kila siku. Niliulizia pia umeme. Zipo nyumba ambazo wapangaji wote huchangia mita moja ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, mwenye friji akatoa sawasawa na mwenye taa moja, na ugomvi hauishi. Chumba changu kina mita yake. Jambo ambalo wapangaji wapya hawaelezwi ni kwamba tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, ilhali ni deni la mwenye nyumba. Niliomba iandikwe kwenye mkataba kwamba makato hayo yatapunguzwa kwenye kodi yangu ya pango, na mama mwenye nyumba alikubali bila shida.

Mahali ambapo dalali hawezi kukusaidia ni kwenye bei. Ujira wake ni kodi ya mwezi, kwa hiyo kodi ikishuka naye anapungukiwa, na si haki kumtarajia apigane dhidi ya mfuko wake. Mama mwenye nyumba alitaka miezi sita kwa mkupuo, yaani laki tisa, kabla hujanunua godoro wala jiko la gesi. Nilizungumza naye mwenyewe, nikamwonyesha barua yangu ya ajira, tukakubaliana miezi mitatu. Pamoja na udalali nikatoa laki sita. Mkataba tuliusaini katika ofisi ya serikali ya mtaa, ambako nilijiandikisha siku hiyohiyo kwa kitambulisho cha NIDA.

Kasoro kubwa ya dalali huyu ni kwamba hakunipa risiti wala karatasi yoyote ya malipo yake, hivyo nilimlipa kwa simu ili kumbukumbu ibaki. Hata hivyo, hakudai hela ya kunizungusha. Dalali mwingine niliyemtumia awali, huko Sinza, alichukua ada ya kuonyesha vyumba akanipeleka kwenye nyumba ambayo wapangaji wake hawakuwa na mpango wowote wa kuhama. Kwa sababu hiyo ninamshauri mhitimu anayekuja mjini amkatae dalali yeyote anayetaka fedha kabla mlango haujafunguliwa, na asilipe kodi kabla ya kuonana na mwenye nyumba ana kwa ana.

Huyu wa Kimara nimeshampendekeza kwa mwenzangu wa ofisini. Mimi mkataba wangu ukiisha nitauhuisha moja kwa moja na mama mwenye nyumba bila udalali wa pili, sharti ambalo nalo liliandikwa kwenye mkataba na dalali akalisaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa.