Uzoefu wangu: Super Mario Land kwenye Game Boy ya zamani

Gemu ya Super Mario Land ilitoka Japani Aprili 1989, siku ileile Game Boy yenyewe, kifaa cha gemu cha mkononi cha Nintendo, ilipoanza kuuzwa. Nimeirudia kwenye kifaa chake cha asili, ile Game Boy nene ya kijivu inayokula betri nne za AA. Bado naipenda, na bado naipendekeza, mradi katriji (kikasha chenye gemu, kinachochomekwa kwenye kifaa) isome vizuri na uache mazoea ya gemu za Mario za kwenye televisheni.

Mazoea hayo ndiyo yanayowaua wengi mapema. Kioo kina nukta 160 kwa 144 tu, Mario ni mdogo, na akitembea mpaka ukingoni bila kuruka hudondoka kama jiwe. Kwa hiyo usitegemee kujirekebisha ukiwa unaanguka. Bonyeza kitufe cha A kabla hujafika ukingoni, na uishikilie ukitaka kwenda juu zaidi. Kobe nao si wale wa kupiga teke: ukimkanyaga, gamba lake hugeuka bomu, kwa hiyo ondoka hapo mara moja. Ua unalookota halikupi moto. Linakupa mpira unaodunda ukutani na sakafuni, na mpira huo huokota sarafu mahali ambapo Mario hafiki. Hicho ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote katika gemu hii. Ukiingia kwenye chumba cha sarafu, simama, urushe mpira kwa pembe nzuri, uuache ufanye kazi. Sarafu 100 ni uhai mmoja.

Mwisho wa hatua kuna milango miwili. Wa chini unakupitisha tu, wa juu unakupeleka kwenye ngazi ya bahati, unapata ua au uhai hadi mitatu. Jitahidi ufike wa juu kila mara, maana gemu haina kuhifadhi: dunia nne, hatua 12, ukizima umerudi mwanzo. Nafasi ya kuendelea baada ya kufa hutolewa ukifikisha pointi 100,000. Bosi, yaani adui mkuu, wa hatua ya 1-3 (dunia ya 1, hatua ya 3) si lazima umuue. Mruke uguse swichi iliyo nyuma yake. Hatua ya 2-3 ni ya nyambizi na ya 4-3 ni ya ndege, kioo kinasogea chenyewe, na hapo ua halina maana, ni kupiga risasi tu.

Anayeijua humaliza yote chini ya saa moja. Wapo wanaoona ni fupi mno. Mimi naona urefu huo unafaa kabisa jioni ambayo umeme umekatika, isipokuwa kwamba kioo hakina taa ya ndani. Jua likishazama saa moja jioni, unahitaji taa ya sola ikimulika kutoka ubavuni, si kutoka juu, la sivyo utauona uso wako. Rekebisha weusi kwa gurudumu la upande wa kushoto. Vitu vinavyokimbia huacha kivuli, na katika 4-3 risasi ndogo hupotea kabisa ukiweka weusi mdogo.

Ukiikuta Game Boy hii katika soko la Owino, Kampala, au kwa muuzaji yeyote wa vitu vilivyotumika, iwashe kabla ya kutoa pesa. Jina la Nintendo hushuka kutoka juu. Likishuka kama kipande cheusi kitupu au herufi zilizovurugika, kisha kifaa kikagoma, tatizo mara nyingi ni uchafu kwenye meno ya katriji, vile vibati vinavyogusana na kifaa: Game Boy husoma jina hilo kutoka kwenye katriji na kulilinganisha na lake, lisipolingana haianzi. Usipulizie kwa mdomo, mate huleta kutu, na unyevu wa kando ya Ziwa Victoria tayari unatosha. Chukua pamba ya masikio na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, mafundi simu huwa nayo, usugue meno, usubiri ikauke. Waragi, pombe kali ya Uganda, usiiguse, zaidi ya nusu yake ni maji.

Fungua pia mlango wa betri. Unga mweupe au wa kijani kwenye vibati ni betri za alkali zilizovuja. Tone la siki kwenye pamba huulainisha, kisha malizia kwa alkoholi. Mistari ya wima iliyopotea kwenye kioo ni muungano uliolegea chini ya kioo. Fundi mwenye mkono mtulivu huurudisha kwa kuupitishia pasi ya kulehemu ya joto la chini, kwa hiyo punguza bei lakini usikimbie.

Betri za kuchaji zinafaa: nne za volti 1.2 zinatoa 4.8, na kifaa kinaridhika. Taa nyekundu ikianza kufifia, usianze dunia ya nne.