TAHADHARI: Muuza PS Plus anayekuomba umsomee namba sita zilizoingia kwenye simu yako ni mwizi

Jamani, nimelizwa. Naandika nikiwa na hasira na aibu pamoja, na mtu asije akaniambia "kwani wewe hukujua?", maana mimi ndiye ninayemkataza mama kila siku asimsomee mtu yeyote namba inayoingia kwenye simu yake.

Ilikuwa Jumamosi usiku, saa nne kasorobo. PS Plus yangu, yaani ule usajili wa kulipia wa kucheza PlayStation mtandaoni, iliisha Alhamisi, na bila hiyo mpira wa mtandaoni hauchezeki. Kaka wa Muscat, ninayecheza naye mtandaoni, huwa hewani Jumamosi tu, na nilitaka sana kucheza naye. Nikamtafuta jamaa anayeniuzia kadi za PlayStation, zile namba za kuongeza salio. Essential, lile daraja la chini la PS Plus, ya mwaka mzima akasema elfu tisini na tano. Mara ya mwisho niliilipia dola 79.99, laki mbili na kitu kwa hela yetu. Nikamuuliza mbona bei chini hivyo. Akanitumia voisi ya dakika mbili, katulia kabisa, ananieleza kwamba anachukulia duka la Uturuki ambako bei ni rahisi, kisha anahamishia kwa mteja.

Sikumwamini bure. Nilishanunua kwake mara mbili, kadi za dola 10, akanitumia herufi na namba zake 12, nikaziingiza mwenyewe, salio likasoma pale pale. Na sisi tutanunua wapi? Kwenye nchi ambazo PlayStation imezifungulia duka, Tanzania haimo, Kenya haimo. Wote tumefungua akaunti za Marekani, za Uingereza au za Dubai na tunaishi kwa kadi za watu kama hawa. Ukimpata aliyekuuzia sawasawa mara mbili unamshika.

Nikatuma hela. Likatokea jina la mwanamke, akasema ni laini ya mke wake. Kisha akapiga simu, nyuma nasikia mtoto mchanga analia, naye anambembeleza huku anaongea na mimi. Huyo mtoto ndiye aliyenimaliza. Akasema, "Kaka, hii ya mwaka haiji kwa kadi, inabidi niingie kwako niiweke mwenyewe. Nipe barua pepe na neno la siri, nikimaliza utalibadilisha." Nikampa. "Sasa hivi itakuingilia meseji ina namba sita, nisomee haraka kabla haijafa." Simu ikatetemeka mkononi. Nikasoma: nne, sifuri, saba, saba, moja, tisa. Kimya, nasikia vidole vinabonyeza. "Imegoma kaka, inakuja nyingine." Ikaja. Nikasoma na hiyo, polepole, nikairudia mara mbili asikosee. Akanishukuru. Akaniambia nizime mashine, nichomoe kabisa ukutani, niipe dakika kumi. Nikainama nyuma ya meza ya TV nikachomoa.

Dakika kumi nzima nilikaa na padi mapajani nikimsubiri mwizi amalize kazi yake.

Nilipowasha, ikaniambia niingie upya. Neno la siri halikubali. Nikafungua barua pepe: saa nne na dakika kumi na mbili nimeletewa taarifa kwamba anwani ya kuingilia kwenye akaunti imebadilishwa. Nikampigia, haipokelewi. Nikaandika, tiki moja. Picha yake imetoweka. Nikarudi kwenye mashine, gemu zote nilizonunua na kupakua tangu 2019 zina alama ya kufuli. Kumi na tisa. Iliyobaki inacheza ni ile ya CD peke yake. Elfu tisini na tano naiona ndogo. Miaka yangu yote imo mle, timu yangu, vikombe vyangu, na zile mechi za mwenzetu aliyefariki ambazo nilizihifadhi.

PlayStation wenyewe nimeshawaandikia. Wanataka namba ya mashine niliyoanza nayo na risiti ya manunuzi ya zamani. Ile mashine iliuzwa Tanga. Aliyeinunua kama unasoma hapa, tafadhali igeuze, unipigie picha ya ile karatasi ya nyuma yenye namba.

Mtu huyu afungwe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, haikuwekwa kwa ajili ya maonyesho. Nimefungua jalada polisi, namba yake nimeituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu, na sitanyamaza mpaka nimwone amekaa kwenye benchi la mahakama na huyo mtoto wake akimlilia kwelikweli. Anawaibia vijana wanaojinyima nauli! Wangapi wamepigwa wakanyamaza kwa aibu? Jitokezeni tuunganishe ushahidi, jalada moja halitamtisha.

Dalili zilikuwepo. Jina la laini si lake. Haraka, haraka. Na ile hadithi ya Uturuki, wakati mimi mwenyewe najua kadi ya nchi moja haiingii kwenye akaunti ya nchi nyingine, nilishawahi kumfundisha mtu hapa hapa. Muuzaji wa kweli anakutumia namba za kadi, unaingiza mwenyewe, basi. Zile namba sita ni za kwako peke yako. Na mkiingia leo chukueni zile namba 10 za akiba ambazo akaunti inatoa, za kuingilia pale namba ya meseji isipopatikana, mziandike kwenye daftari. Mimi sikuziandika. Huyu mshenzi achapwe viboko hadharani.

La haraka kuliko yote: jina langu la PlayStation linaonekana liko hewani hivi ninavyoandika. Kaka wa Muscat ameshaletewa meseji, "kaka niazime kadi ya dola 50, nitakurudishia kesho." Na nyinyi mkiletewa, si mimi. Msijibu, piga picha unitumie kwenye simu.