Sanskrini ya tinti (krimu ya kukinga jua yenye rangi), mwezi wa nne huu naitumia: walau sijawa jivu tena

Sanskrini yangu ya kwanza ilinifanya nifanane na mtu aliyetoka mashineni kusaga unga. Nimejipaka vizuri naingia kazini, dada mmoja ananiuliza kwa upole kabisa "shosti, umeamka salama?" Ilikuwa ya zinki tupu, na zinki hiyo (oksidi ya zinki) ni unga mweupe, kwenye ngozi nyeusi haujifichi. Nikaisukumia kabatini nikasema haya mambo ni ya wazungu.

Hii ya sasa ni zinki hiyohiyo ila wameitia oksidi ya chuma ndo maana inatoka kahawia kama udongo wa mfinyanzi. Naiminya mistari miwili, mmoja kidole cha shahada mwingine cha kati, hiyo ni ya uso na shingo, mwanzo niliona nyingi mno lakini ukibania ile SPF 50 (kipimo cha kukinga jua) ya kwenye kichupa huipati. Dakika mbili tatu inakuwa imezama. Na hiyo tinti sio urembo tu, inazuia hata mwanga wa kawaida huu tunaouona, ambao kwa sisi weusi unakoleza madoa. Yangu ya chunusi ya mashavuni yamefifia, moja la kidevuni bado linanitazama.

Namba zisiwatishe, SPF 30 inazuia kama asilimia 97 ya UVB, miale ya jua inayounguza ngozi, na 50 kama 98, basi. Angalia kama inazuia na UVA pia, ile miale mingine ya jua, maana hiyo inapenya mpaka kioo cha gari.

Sasa shoga yangu mmoja kaniuliza "itakung'arisha lini?" Nilicheka jamani. Haing'arishi! Mkorogo nilishaupitia mimi, uso ukawa wa mtu mwingine na vifundo vya vidole vikabaki vyangu vilevile, nikikaa juani dakika tano mashavu yanawaka kama nimepakwa pilipili, kumbe ngozi imeshakuwa nyembamba na ile melanini (rangi ya weusi wa ngozi) niliyokuwa naikimbia ndo ilikuwa mwavuli wangu (mwavuli mdogo lakini, ndo maana bado napaka). Saivi uso na vidole vimerudi kuwa ndugu na nimewazoea hivyohivyo, weusi wao.

Kasoro zipo. Inashika kola, shati jeupe sahau. Ukiwa nje unatakiwa urudie kila masaa mawili na mimi nikitoka jasho linashuka la kahawia, siku moja nimejifuta na tishu mbele za watu tishu ikawa kama imefuta meza ya chai. Kichupa cha mili 50 hakivuki wiki tano. Halafu rangi ziko tatu tu, na ile nyeusi kuliko zote bado mimi nimeipita kidogo, wameishia njiani kabisa.

Jana nimefungua cha nne. Nyota 4, ya tano waje kuichukua wakileta rangi yangu.